Bandikeni bei ya kuendesha umelewa: barua ya wazi kwa wakuu wa Tanga

Kwenu Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga. Afande Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani wa mkoa. Mkurugenzi wa Jiji. Na waheshimiwa mahakimu mnaosikiliza kesi za barabarani.

Shikamooni mlionizidi umri, na wengine poleni na kazi. Ninaandika kama katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa Makorora, na kama mwenye pikipiki ya bodaboda iliyo mikononi mwa kijana kwa mkataba. Sinywi, wala sikuja kuwahubiria wanaokunywa. Kazi hiyo misikiti na makanisa yanaifanya kila wiki, na baa za mji huu bado zinajaa. Langu mimi ni la hesabu, na ombi langu kubwa ni kibao ukutani kinachotaja adhabu ya kuendesha umelewa.

Dereva wa Tanga anayewasha chombo akiwa amekunywa hajui kitendo hicho kitamgharimu shilingi ngapi. Msiniamini mimi, muulizeni mwenyewe. Nendeni kijiwe chochote, Kange, Mabanda ya Papa au Barabara ya 20, mseme: ukikamatwa umelewa, bei gani? Wa kwanza, dereva wa gari, atawajibu elfu thelathini, kwa kuwa ndiyo faini aliyoizoea, ile ya kuandikiwa karatasi na kupewa namba ya malipo. Wa pili atasema inategemea umekutana na nani. Wa tatu atacheka tu. Hakuna atakayewatajia mahakama, leseni, bima wala hospitali.

Jibu la huyo wa pili ndilo linaloninyima usingizi. Pale soko la samaki la Deep Sea nguru hana kibandiko cha bei. Muuzaji anakutazama usoni, anatazama viatu, anatazama funguo za gari mkononi, ndipo anataja. Kwa nguru, sawa, tumezoea na tunajua kupatana. Lakini kosa linaloua watu nalo likiwa halina bei iliyoandikwa mahali, basi na lenyewe litapatanwa, tena usiku, kando ya barabara, kati ya mtu mwenye sare na mtu mwenye hofu. Maneno yanayofungua mazungumzo hayo kila dereva anayajua: "Mkubwa, tumalizane hapa hapa."

Nianze na yale ambayo ninyi mnayafahamu kuliko mimi, ili wasomaji wengine tuwe pamoja. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo ni Sura ya 168 ya sheria zetu, inalihesabu hili kuwa kosa la kumfikisha mtu mbele ya hakimu. Kuna kuendesha ukiwa umelewa hadi huwezi kukimudu chombo, na kuna kuzidi kiwango kilichowekwa, ambacho ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Hakimu anaweza kukutoza faini, anaweza kukufunga, na anaweza kukuondolea leseni. Kwa dereva wa basi au wa lori, hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana leseni ndiyo jembe lake.

Hizo miligramu 80 watu wanadhani ni za walevi wa kuanguka mitaroni. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi. Mwanamume wa kilo 70 akizinywa mbili harakaharaka anagusa mpaka wa sheria au anaukaribia sana. Mwanamke mwenye uzito huohuo anauvuka. Na mwili hauna haraka ya kukitoa. Huondoa kama miligramu 15 kwa saa katika kila mililita 100 za damu, uwe umelala, uwe umekoga maji baridi, uwe umekunywa kahawa chungu na supu ya pweza. Fanyeni hesabu ya dereva aliyeacha kunywa saa nane usiku damu yake ikiwa na miligramu 150. Saa kumi na mbili asubuhi, anapopanga mizigo ya abiria kwenye buti, bado ana 90. Ananukia dawa ya meno, macho yamekaa sawa, kofia kichwani, na kisheria ni mlevi kamili. Na hapo bado sijagusa mnazi, ambao haukuandikwa asilimia popote: ulioteremshwa asubuhi ni mtamu kama soda, ukifika jioni umeshakuwa mkali, na mnywaji anahesabu vikombe vilevile vya jana.

Sasa fedha.

Katika kikundi chetu mkopo wa dharura lazima uandikiwe sababu. Msiba, ugonjwa, ada ya shule. Ipo na "kesi ya barabarani". Kwa muda niliokaa na daftari lile nimejifunza kuyasoma maneno hayo: mara nyingi nyuma yake kuna chupa. Lakini hakuna mama atakayeitaja chupa mbele ya wenzake. Tanga ni mji wa madrasa na maulidi. Kijana akilewa, aibu ni ya ukoo mzima. Kwa hiyo deni linalipwa kimyakimya, miezi na miezi, na kijana wa nyumba ya pili hapati kujua kwamba jirani yake aliuza cherehani kwa ajili ya usiku mmoja. Mnapojiuliza kwa nini vijana hawaogopi, tazameni na hapo.

Chukueni kijana wa bodaboda, wa mfano tu, nisije nikamtaja mtu. Anatoka Raskazone Jumamosi usiku, amekunywa, anamgonga mzee wa baiskeli. Polisi wanaishikilia pikipiki mpaka ikaguliwe na mambo yafuate utaratibu. Kijana anadaiwa hesabu ya shilingi 10,000 kila siku na tajiri wake, yaani mwenye pikipiki, na mkataba haujui kwamba pikipiki iko kituoni: wiki tatu ni 210,000. Akishindwa, mkataba umevunjika, na yote aliyolipa tangu mwanzo yamekwenda na upepo. Wala sijifanyi mwema. Mimi ndiye tajiri katika hadithi kama hii, na mkataba wangu umeandikwa hivyohivyo.

Mzee wa baiskeli naye amefikishwa hospitali ya Bombo na fomu ya polisi ya PF3. Mguu umevunjika. Pengine utafungwa plasta, pengine utahitaji chuma, na ikishindikana hapa atapewa rufaa kwenda taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, kilomita kama 350 kutoka Tanga, pamoja na mtu wa kumuuguza. Huyo muuguzaji analala wapi Dar es Salaam, anakula nini, nani anabaki na genge lake? Hakimu akija kusoma hukumu, hayo hayamo kwenye jalada. Faini ikilipwa inaingia serikalini, na mzee anaendelea kuchechemea.

Hapa kuna jambo ambalo naomba mlisome taratibu. Karibu kila chombo cha moto barabarani kinalazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, kiwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu. Kwa gari dogo la binafsi ni ile tunayoilipia 100,000, na VAT juu yake. Huyo mtu wa tatu ndiye mzee wetu wa baiskeli. Ana haki ya kudai. Lakini nimekaa na familia za majeruhi zikichangishana ukumbini, zikiuza mbuzi, zikija kukopa kwetu kwa riba, na hakuna mmoja kati yao aliyejua kwamba ile stika ya bima iliwekwa kwa ajili yake. Aliyewaambia hakuna. Waliyemwona mapema ni kishoka wa nje ya mahakama, aliyejitia uwakili na kutaka chake kwanza.

Kwa mwenye gari lake mambo ni tofauti, ila si nafuu. Mwenye gari la milioni 12 anayekata bima kubwa kwa asilimia 3.5 anatoa 420,000, na VAT juu yake. Analipa kwa roho safi akiamini amejikinga. Siku akiligonga akiwa amelewa, ndipo anausoma mkataba kwa mara ya kwanza na kukikuta kifungu ambacho mikataba mingi inacho: dereva akiwa amelewa, kampuni hailitengenezi gari lake. Amelipia mwavuli unaojikunja mvua ikianza. Hapo ongezeni brekidauni, fundi wa bodi, nguzo ya umeme au ukuta wa watu, wakili wa kweli safari hii, na siku za kazi zinazopotea kila kesi inapoahirishwa.

Nimetaja hayo yote ili tukubaliane kwamba faini ya mahakama ndiyo sehemu ndogo ya bili. Na kwa sababu hiyo naogopa jibu linalokuja upesi kila zikisikika habari za ajali: pandisheni faini! Waheshimiwa, mahali ambapo bei haijulikani, faini ikipanda kinachopanda nayo ni bei ya kumalizana. Aliyekuwa anatoa noti mbili atatoa nne, na kitabu cha stakabadhi kitabaki kama kilivyo. Halafu faini iliyo sawa kwa wote haiko sawa kwa wote. Laki tatu kwa kijana wa mkataba ni mwezi wa njaa nyumbani kwake. Kwa bwana aliyeshuka kwenye gari kubwa jeusi ni meza moja ya nyama choma na vinywaji vya rafiki zake. Finland wanayo faini inayopimwa kwa kipato cha mkosaji, tajiri analipa zaidi kwa kosa lilelile. Sisemi tuige kesho asubuhi, ila mahakimu wetu nao hutoza kati ya chini na juu, na wanaweza kuuliza huyu aliye mbele yangu anaishi kwa nini.

Kenya hawako mbali nasi, ni kuvuka Horohoro tu. Sheria yao ya Trafiki imetaja kwa kuendesha umelewa faini isiyozidi shilingi 100,000 za kwao, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Wapo madereva wa malori wa hapa kwetu wanaopeleka mizigo Mombasa ambao watawatajia hiyo laki moja bila kufikiri. Waulizeni ya Tanzania, wanababaika. Uingereza anayetiwa hatiani kwa kuzidi kiwango kwa kawaida hukosa leseni kwa miezi isiyopungua 12, na mtoto wa shule anajua hivyo. Majimbo mengi ya Marekani humfungia mkosaji kwenye gari lake kifaa cha kupulizia, gari haliwaki mpaka pumzi yake iwe safi, na gharama ya kukifunga na ya kila mwezi analipa mwenyewe, huku bima yake ikipanda kwa miaka kadhaa. Kule watu wakikaa kwenye meza ya pombe, mmoja wao hubaki na soda kwa sababu hesabu hiyo imeshamkaa kichwani.

Na hesabu haitishi kama mtu anaamini hatakamatwa. Jimbo la New South Wales huko Australia lilianza Desemba 1982 kupima madereva ovyoovyo, yaani askari anasimamisha gari lolote, hata lisilo na kosa, dereva anapuliza. Vifo vya barabarani vilivyotokana na ulevi vilishuka sana, kwa kuwa kila mtu alijua anaweza kuwa yeye, usiku wowote. Afande, mchana barabara yetu ya kwenda Segera ina tochi za kupima mwendo za kutosha. Dereva akipita 50 penye makazi anaijua karatasi yake kabla hajapewa. Ninachoomba ni kipima ulevi kionekane Ijumaa na Jumamosi usiku barabara ya Raskazone na ile ya Pangani, na alfajiri pale Kange kabla basi la kwanza halijatoka. Mrija uwe mpya kwa kila mtu, ufunguliwe mbele yake. Dereva aonyeshwe namba iliyosomeka na aandikiwe, ili ikifika mahakamani iwe ileile aliyoiona barabarani.

Sasa kibao chenyewe. Nataka ukutani, kwa Kiswahili cha kawaida, maneno ambayo konda anaweza kuyasoma akiwa amesimama. Tangu mwaka 2021 sheria imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo kisingizio cha Kiingereza kimekwisha. Kiwango ni hiki. Ukizidi utapelekwa mahakamani, na faini ni kuanzia kiasi hiki mpaka kiasi hiki, kifungo ni hiki, leseni yako inaweza kuondolewa. Hakuna malipo yanayofanyika barabarani kwa kosa hili. Dhamana ni bure, kinachotakiwa ni wadhamini. Ukiumizwa na dereva aliyelewa, bima ya chombo kile ina wajibu kwako, na hivi ndivyo unavyoanza kudai. Kibao kiwe stendi, kiwe vituo vya polisi, kiwe mapokezi ya Bombo pale ndugu wanaposubiri, na kiwe ndani ya kila baa. Mkurugenzi, leseni za vileo zinapita mikononi mwa halmashauri. Mwenye baa anayekuja kuombea leseni yake aambiwe kibao ni sehemu ya masharti, kama vile choo na maji.

Na mwenye baa asiishie kwenye kibao. Watu wengi wanaendesha wamelewa kwa sababu wanaogopa kuliacha gari nje usiku. Taa zitang'olewa, vioo vitaondoka, na asubuhi, kama ni eneo la maegesho ya ushuru, utamkuta kijana na mashine yake anakusubiri. Baa yenye uwanja iruhusu gari lilale kwa ada ndogo ya mlinzi, na Jiji lisilitoze ushuru gari lililolala mpaka saa nne asubuhi. Mapato yatakayopotea ni machache mno. Bodaboda aliye mzima, anayefahamika kijiweni, amrudishe mteja nyumbani kwa buku mbili au tatu, na asubuhi amrudishe kulifuata gari lake. Vijana wetu watapata biashara mara mbili. Mimi tajiri sitalalamika.

Waheshimiwa mahakimu, kwenu nina mawili tu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa uwezo wa kuamuru mkosaji amlipe fidia aliyemuumiza. Naomba mliulize swali hilo kila kesi ya ulevi yenye majeruhi, hata kama hakuna wakili wa kuwakumbusha, maana mzee wa baiskeli hana wakili. Na pale mnapoona kifungo kifupi kinafaa, kumbukeni ipo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayoruhusu mtu afanye kazi za jamii badala ya kifungo kisichozidi miaka mitatu. Mtu aliyeendesha amelewa akapige deki wodi ya majeruhi, miezi sita, Jumamosi kwa Jumamosi. Akifungwa, gereza litamlisha kwa kodi zetu, mkewe atakuja kukopa kwetu, na mzee hatapata kitu. Aliyeua, huyo ni habari nyingine, simwombei.

Mtaniambia bajeti ya vibao haipo. Sawa. Kikundi chetu kimekubaliana kulipia ubao, rangi na fundi wa kibao cha kwanza, kutoka kwenye mfuko wa jamii ambao kila mama huchangia. Kitu tusichoweza kukifanya ni kuandika maneno ya sheria kwa kubahatisha. Tupeni maandishi, faini zikiwa zimetajwa kwa tarakimu, na muhuri wa ofisi chini yake. Nimeambiwa barua za namna hii hujibiwa na ofisi ya habari kwa kusema "suala linafanyiwa kazi". Tafadhali lisifanyiwe kazi kwa namna hiyo. Karani mmoja mwenye nakala ya Sura ya 168 anaweza kuimaliza kazi hii kabla ya chakula cha mchana, na barua yake ikitufikia Alhamisi, Ijumaa baada ya swala fundi atakuwa ameshapanda ngazi pale Kange.

Wenu mtiifu,
Katibu wa kikundi, Makorora, Tanga